Wenye pikipiki za safari za cc 650 huku Mtwara na Lindi: kinachozimaliza ni chumvi, vumbi au mafundi?

Mwana Shangani
Wakuu habari za jioni. Nipo Mtwara mjini natumia Suzuki V-Strom 650, zile za mwanzo zenye tenki la lita 22, niliichukua mtumba Dar na sasa ni miaka mingi nipo nayo. Injini sina neno nayo, ile V ya silinda mbili ya 645cc ndiyo ukoo wa Suzuki SV650 ya 1999, inawaka asubuhi bila ubishi, natoka hapa naenda Masasi narudi siku hiyohiyo na haionyeshi kuchoka. Shida yangu ni vitu vya nje ya injini, na kubwa zaidi ni cheni na spoketi. Wenzetu nchi nyingine wanasema cheni nzuri ya saizi ya 525 ukiitunza inagonga kilomita elfu 25 hata 30, mimi huku ikifika elfu 12 basi imejitahidi sana, viungo vimekaza havikunji, kutu kwenye pini, spoketi ya mbele meno yamechongoka. Ukienda kwenye bolti unakuta alumini inatoa unga mweupe. Plagi za waya ukizifungua ndani kijani kitupu.

Msimamo wangu ni kwamba hii ni chumvi. Nakaa karibu na bahari, kusi likivuma usiku kucha asubuhi ukipitisha kidole kwenye tenki unakuta utando, ukilamba ni chumvi kabisa. Nasema huku kwetu pikipiki inaliwa ikiwa imesimama. Wenye Transalp, Himalayan, Versys, BMW, Tenere, mlio nazo muda mrefu na mnazitembeza kweli, njooni tubishane.

Mtoto wa Kitangari
Hapana mkuu, chumvi unaisingizia. Mimi nipo Newala, juu kabisa ya uwanda wa Makonde, bahari naiona nikishuka mjini, na cheni yangu inaisha vilevile kama yako au mapema zaidi. Natumia Honda Transalp 650, ile ya kabureta. Huku ni vumbi. Lami ikiisha pale Mnivata unaingia kwenye ule mradi wa kilomita 160 unaopita Tandahimba, Newala mpaka Masasi, wakati wanajenga ni mchepuko juu ya mchepuko, malori ya kokoto mbele yako, vumbi jekundu huoni hata taa ya breki. Lile vumbi likikutana na mafuta ya cheni unapata msasa, unazunguka nao kutwa nzima. Filta ya hewa nikiitoa naikung'uta inatoka nyekundu. Sasa chumvi gani hiyo imepanda mpaka Kitangari?

Stendi Chikongola
Nyie wenye mavyuma makubwa mnatuchekesha sisi wa Boxer, sisi cheni tunabadili na maisha yanaendelea, cheni yako moja wewe mimi nanunua za mwaka mzima na chenji inabaki.

Mwana Shangani
@Stendi Chikongola karibu kaka, ila na wewe ukipakia abiria wawili na gunia la korosho spoketi inalia, usifiche.

Fundi Mnazi Mmoja
Mimi ni fundi, napokea pikipiki za pande zote mbili, zinazotoka Lindi na zinazotoka Masasi, zote zinapita hapa njiapanda. Kabla hamjabishana chumvi na vumbi hebu kila mtu aseme cheni yake anaipaka nini na anaiosha na nini. Naona mtu ana pikipiki ya mamilioni, cheni anaiosha na petroli halafu anamwagia oili chafu iliyotoka kwenye injini. Cheni za hizi pikipiki ni za oringi, ndani ya kila kiungo kuna grisi iliyofungiwa kiwandani na kampira kadogo ndiko kanakoizuia isitoke na uchafu usiingie. Ukiweka petroli mpira unakauka na kupasuka, grisi inatoka, hapo hata ukipaka mafuta gani nje unapoteza muda maana ndani chuma kinakula chuma. Osha na mafuta ya taa na brashi laini, futa na kitambaa, acha ikauke, pakaa oili ya gia namba 90 kidogo tu kwa ndani, futa inayozidi. Iliyobaki juu ndiyo inayokamata mchanga. Ukifanya hivyo mi naamini chumvi na vumbi vyote vitakukuta lakini pole pole.

Mwana Shangani
@Fundi Mnazi Mmoja shukrani. Ila mimi ndivyo ninavyofanya tangu mwanzo, mafuta ya taa, namba 90, napaka cheni ikiwa ya moto baada ya safari. Petroli haijawahi kugusa cheni yangu. Ndiyo maana nikabaki na chumvi peke yake.

Binti Nachingwea
Hamjambo. Naomba niingie na mimi, natumia Royal Enfield Himalayan 411, najua ni ndogo kwa macho yenu ila kazi yangu ni vijijini na imenipeleka Liwale, Ruangwa, Masasi, kote huko masika na kiangazi. Mbona hakuna anayeuliza cheni mnaikaza kiasi gani? Mafundi wengi huku wanakaza pikipiki ikiwa kwenye stendi ya katikati, tairi la nyuma linaning'inia, cheni inaonekana imelegea wanaivuta mpaka inalia. Halafu wewe unapanda, unafunga mizigo, unaweka mtu nyuma, shokapu inabonyea, mkono wa nyuma unanyooka na cheni inakaza zaidi ya pale alipoiacha fundi. Hapo unakata cheni, unakata spoketi, na beringi ya shafti ya gia inaanza kuvuma, hiyo ya mwisho ndiyo gharama maana ni kupasua injini. V-Strom kitabu kinasema ulegevu wa milimita 20 mpaka 30. Na ndiyo maana wanasema pima na rula, usipime kwa kubonyeza kidole na kukisia.

Tena mfano wangu: mimi nikishabeba mzigo namkalisha mtu mwenye uzito wa kwangu juu, mwingine anazungusha tairi kutafuta pale inapokaza zaidi, tunapima hapo. Tangu nimeanza hivyo cheni yangu imechukua muda mrefu kuliko iliyotangulia na njia ni zilezile, vumbi ni lilelile.

Mtoto wa Kitangari
Dada hapo umeongea. Ila mi Transalp yangu nakaza mwenyewe na kitabu ninacho, kwa hiyo vumbi bado lipo palepale.

Mzee wa Rondo
Vijana mnazunguka mbali. Hakuna aliyetaja salfa. Kuanzia Juni hivi mikorosho yote kutoka Mtwara, Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea mpaka huku kwetu Lindi inapulizwa salfa ya unga kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Asubuhi mapema upepo ukiwa umetulia mabomba yananguruma kila upande, unapita barabarani katikati ya wingu la njano, macho yanawasha. Ile unga inakaa kwenye cheni, kwenye rejeta, kwenye waya. Likija vuke la usiku na umande mnategemea nini? Mimi naamini ile ndiyo inakula vyuma vyetu. Angalieni wenyewe mashine inayolala chini ya mikorosho na inayolala mjini, muone tofauti.

Binti Nachingwea
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote naomba nirekebishe kidogo kwa sababu hiyo salfa ndiyo kazi yangu. Salfa ya unga haiyeyuki kwenye maji, ukiimwaga kwenye ndoo inaelea juu, kwa hiyo umande peke yake hauifanyi kuwa asidi. Inabadilika kuwa asidi kwenye udongo pole pole sana kwa kazi ya vijidudu, haiwezi kufanya hivyo usiku mmoja juu ya cheni yako. Ninachokubali ni kwamba inaziba filta ya hewa na inaganda kwenye mafuta ya cheni sawa na vumbi jingine lolote. Na siku hizi wakulima wengi wanapuliza dawa za maji, kwa hiyo siyo kila wingu ni salfa.

Mzee wa Rondo
Marahaba mwanangu. Nimekuelewa kwenye asidi. Lakini shaba je? Chukua waya wa shaba uuweke kwenye unga wa salfa siku kadhaa, utauona umekuwa mweusi. Pete ya fedha vilevile, kina mama huku wanavua pete msimu wa kupuliza. Sasa pikipiki nzima imejaa waya wa shaba na vishikizo vyake. Usiiondoe salfa haraka hivyo.

Binti Nachingwea
Hapo kwenye shaba sina ubishi mzee, inageuka nyeusi kweli.

Umeme Ligula
Afadhali mzee wa Rondo amefungua mlango wa umeme maana ndiko ninakotaka twende, cheni ukibadili yameisha, umeme unakulaza Mbwemkuru usiku. @Mwana Shangani umesema plagi zako ndani kijani. Je chaji inaendaje? Nunua mita ya bei ndogo, pima betri asubuhi kabla hujawasha, ikiwa nzima na imejaa inatakiwa karibu volti 12.6 hivi au zaidi. Washa, pandisha mpaka mizunguko elfu 5, pima tena kwenye betri, unatakiwa uone kama 14 na kidogo. Ukiona 13 na inashuka kadiri injini inavyopata moto basi kuna mahali umeme unapotea, na mahali pa kwanza kuangalia ni plagi ya waya tatu inayotoka kwenye magneti inayozalisha umeme kwenda rektifaya inayodhibiti chaji. Hapo ndipo kijani kinapoanza, upinzani unaongezeka, plagi inapata moto, plastiki inayeyuka, halafu fundi anakuuzia betri mpya.

Na jambo lingine, pikipiki nyingi za rika hilo zina rektifaya ya kupoza umeme wa ziada kwa kuurudisha kwenye koili za magneti, kwa hiyo magneti inafanya kazi kwa nguvu zote muda wote hata kama umezima taa. Kwa joto letu hili ukitembea mwendo mdogo mchangani ile rektifaya inachemka. Watu wengi duniani wanabadilisha wanaweka za aina ya SH775 za Shindengen zinazokata umeme badala ya kuurudisha, magneti inapumua. Kwa hiyo mi kura yangu ni joto. Chumvi inasaidia tu.

Mwana Shangani
Mkuu umenigusa. Betri nabadili mara kwa mara kuliko inavyotakiwa na kila mara naambiwa betri za siku hizi hazina maisha. Nitapima nirudi.

Dereva wa Kusini
Swali la pembeni, hiyo lita 22 si unatoka Mtwara mpaka Dar bila kujaza? Ni kilomita 450 tu.

Kilwa Masoko Yetu
@Dereva wa Kusini 450 ni kutokea Lindi, Mtwara ongeza zaidi ya mia, ni kama 560 hivi. V-Strom ikienda vizuri inakula lita moja kwa kilomita 20 au 22, kwa hiyo tenki likijaa unaishiwa njiani kabla ya Dar. Jaza Nangurukuru unywe na chai.

Dereva wa Kusini
Sawa mkuu, nimekusoma.

Mkongwe wa Lindi
Uzi mzuri. Mmenikumbusha mbali. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 pale Rufiji tulikuwa tunavuka kwa kivuko cha Ndundu, na mvua zikinyesha unaweza kulala kando ya mto na pikipiki yako mpaka maji yashuke. Na kipande cha Ndundu Somanga kilomita 60 ndicho kilikuja kuwekwa lami mwisho, kile kilikuwa kinameza mabasi. Vijana mnalalamikia cheni.

Ila nimekuja na hoja. Mnasahau maji. 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ikakatika pale Somanga na sehemu nyingine, watu tukapita kwenye maji na tope kwa sababu hakuna namna. Mimi natumia BMW F650GS ya silinda moja, ile ambayo tenki liko chini ya kiti. Baada ya pale beringi za tairi la nyuma zilianza kulia ndani ya muda mfupi. Fundi alipozitoa ndani kulikuwa na maji ya kahawia hakuna grisi. Na cheni nayo hivyohivyo, oringi inazuia mchanga na matone lakini cheni ya moto ukiitumbukiza ghafla kwenye maji ya baridi inanyonya maji ndani. Kwa hiyo mlio na cheni zilizoshika viungo, jiulizeni mmevuka maji mangapi, na mmepeleka mara ngapi kwa wale wa kuosha kwa presha. Kile kibomba cha presha kinapita kwenye sili ya beringi kama haipo.

Fundi Mnazi Mmoja
Nakazia hapo kwa mkongwe, presha ndiyo adui. Natamani ningeandika ukutani. Osha kwa ndoo na maji ya bomba, basi.

Stendi Chikongola
Na mimi naomba nichangie kwa uzito sasa maana naona mnanichukulia wa utani. Mnaziona zile Yamaha AG za mashirika na za serikali za zamani? Cheni yake iko ndani ya boksi imefungwa kote. Babu yangu anayo moja, inapita mchanga wa Msimbati na tope la Kitaya na cheni haijui mchanga wala chumvi. Boxer nyingi nazo zina kava la cheni. Nyie cheni zenu ziko uchi, mmelipia mamilioni mpate cheni uchi. Kwa nini msitengeneze kava?

Mtoto wa Kitangari
Hili wazo la kava ni zuri kweli, sijacheka. Tatizo kwa pikipiki hizi mkono wa nyuma unacheza sana juu chini na tairi ni pana, kava likilegea likagusa cheni kwenye kasi ni hatari. Ila hata kuongeza kile kikinga cha mpira mbele ya tairi la nyuma kisirushe mchanga moja kwa moja kwenye cheni kinasaidia, mimi nimeweka kipande cha matopeo ya gari.

Masasi Kwetu
Sasa mimi nawachanganya wote. Nipo Masasi, nina Kawasaki Versys 650, tairi zote 17, naitembeza lami tu, Masasi Tunduru Songea kule kwenye lami safi, na kushuka Mtwara mara moja moja. Bahari sina, vumbi sina, salfa ninayo kama kawaida maana huku ni mikorosho kila kona. Cheni yangu imepita elfu 20 na bado ina uzima. Mzee wa Rondo hapo anasemaje? Na Mwana Shangani na Kitangari nyie nani kashinda maana mimi nimekosa vyote viwili.

Mzee wa Rondo
Unapita mikorosho kwa kasi ya lami, hulali chini yake.

Mwana Shangani
@Masasi Kwetu mimi nimeshinda, huna bahari.

Mtoto wa Kitangari
@Masasi Kwetu mimi nimeshinda, huna vumbi 😀

Binti Nachingwea
Na hana mzigo, Versys ya mtu mmoja wa lami. Mpe mahema na mtu nyuma halafu tuone.

Kilwa Masoko Yetu
Mimi napingana na Mwana Shangani japo na mimi ni wa pwani. Natumia V-Strom 650 pia, hizi za 2012 kuja juu, tenki lita 20. Nyumba yangu na bahari ni kutupa jiwe. Cheni yangu haina huo ugonjwa wa elfu 12. Tofauti ninayoiona ni kulaza. Mimi nalaza ndani, chumba kina hewa, siifuniki na chochote. Majirani wanaofunika na turubai la plastiki ndio wanaolia. Turubai likifunika pikipiki ya moto jasho linabaki ndani, chumvi iliyoko tayari inapata unyevu usiku kucha. Na nikitoka safari ya ufukweni naimwagia maji ya baridi kwa ndoo usiku uleule, siachi mpaka kesho. Bolti zote zinazogusana chuma na alumini napaka grisi ya shaba kabla ya kufunga, hizo zinafunguka mpaka leo.

Mwana Shangani
Mkuu kumbe unakubali ni chumvi, ila unaidhibiti. Mimi nafunika na turubai, kweli. Lakini nisipofunika linakuja jua, viti vinapasuka na plastiki zinafubaa.

Kilwa Masoko Yetu
Banda la makuti. Hewa inapita, jua halipiti.

Mwenda Pole
Wakuu samahani nachelewa. Mimi naona mnasahau kitu kikubwa, cheni feki. Nilinunua cheni duka moja Kariakoo nikaambiwa ya oringi, boksi zuri, muhuri upo. Kuja kuifungua nikahesabu, viungo havikuwa na mpira wowote, ilikuwa imepakwa tu rangi ya dhahabu. Ilikuwa imerefuka kabla hata msimu haujaisha. Sasa mnapolinganisha elfu 12 na elfu 30 hakikisheni mnalinganisha cheni moja. Angalieni kila bamba la kiungo lina chapa ya kiwanda na namba, siyo lile la kuungia peke yake. Mipira ionekane kati ya mabamba. Na ishike mkononi, feki ni nyepesi.

Fundi Mnazi Mmoja
@Mwenda Pole umesema kweli tupu. Na niongeze spoketi za leti. Spoketi ya nyuma ya V-Strom ni meno 47, mbele 15, Mtwara huzipati dukani, watu wanaenda kwa fundi wa leti anakata kwenye bamba la chuma chochote. Kazi nzuri kwa macho, lakini lile chuma ni laini halijapitishwa moto, meno yanalala, na meno yakilala yanaivuta cheni mpya irefuke nayo. Ndipo unasikia mtu cheni mpya imeisha haraka. Badili vitatu pamoja, cheni na spoketi zote mbili, na ziwe za kiwanda.

Mwana Shangani
Spoketi zangu ni za kiwanda, zilikuja kwa basi toka Dar. Cheni nitaiangalia mabamba yake leo usiku.

Mgeni Mtama
Habari wakuu. Nataka kuingia kwenye hizi pikipiki, bajeti yangu inafika Himalayan mpya au V-Strom mtumba. Kazi yangu Mtama, Nyangao, wakati mwingine Rondo na Liwale. Nichukue ipi?

Binti Nachingwea
Himalayan. Tairi la mbele 21, spoki, ukigonga mawe rimu haivunjiki, ni nyepesi kuinyanyua ikikulalia, hata fundi wa kijijini anaielewa ukimpa saa moja. Mbio haina, sikudanganyi, kwenye lami kupita lori unapanga mapema.

Kilwa Masoko Yetu
V-Strom. Dar unaenda na kurudi mgongo mzima. Rimu zile za kumimina hazitaki tyubu, pancha unaziba na kijiti palepale barabarani bila kufungua tairi.

Mtoto wa Kitangari
@Kilwa Masoko Yetu kwa Liwale usimdanganye kijana, kile kipande toka Nachingwea mvua ikinyesha kinataka tairi la vipele na uzito mdogo. Na tairi la V-Strom la nyuma 150/70-17 utalisubiri Dar mpaka uchoke. @Mgeni Mtama mimi ningesema tafuta Transalp, tatizo ni kuipata.

Mkongwe wa Lindi
Na Liwale jioni usitembee. Tembo wanavuka, na wakiwa na watoto hawakupishi. Nimewahi kuzima injini na taa nikasubiri mpaka nikasahau nilikuwa naenda wapi. Panga kufika kabla jua halijazama.

Dereva wa Kusini
Hivi kuna aliyevuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala na hizi mashine kwenda Msumbiji? Nasikia upande wa pili ni mchanga mtupu.

Masasi Kwetu
Nimefika darajani tu, lile la 2010, refu mita 720, pazuri sana Ruvuma ikiwa imejaa. Kuvuka sijavuka. Ulizia usalama kwanza, Cabo Delgado tangu 2017 siyo ya kwenda kwa kubahatisha.

Mwana Shangani
Wakuu nimerudi na mita. Asubuhi betri 12.4. Mizunguko elfu 5 injini ya baridi 13.9, baada ya kuzunguka mpaka Mikindani na kurudi imeshuka 13.2. Nimefungua ile plagi ya waya tatu, mmoja umebadilika rangi kuwa kahawia na plastiki imelegea. Cheni nayo nimeiangalia kwa tochi, chapa ipo kila bamba, mipira ipo ila upande wa ndani imekauka.

Umeme Ligula
Ndiyo yenyewe hiyo. Kata plagi, unga waya kwa waya kwa kulehemu risasi, funika kwa mpira wa kunywea moto, halafu pima tena ikiwa ya moto. Ikibaki 13.2 pima magneti yenyewe, waya kwa waya, kisha kila waya na bodi, usione imegusa bodi. Unaona, joto hilo.

Mwana Shangani
Waya ule ulikuwa na kijani pia mkuu, kabla ya kahawia.

Mzee wa Rondo
Weusi haukuwepo?

Mwana Shangani
Weusi kidogo mzee, ndani kwenye nyuzi.

Fundi Mnazi Mmoja
Na mpira wa cheni umekauka upande wa ndani tu, ambako labda ndiko mafuta hayafiki vizuri maana huoni. Pitia kwangu ukishuka Masasi tuiangalie pamoja, nina kipande cha cheni nilichokikata cha mteja wa Ruangwa, nataka tukilinganishe na chako kabla hujanunua nyingine.

Mwana Shangani
Nakuja Jumamosi. Na @Mtoto wa Kitangari kama unashuka, njoo na yako ile ya zamani.

Mtoto wa Kitangari
Nitakuja nayo. Nani anatoka Dar wiki hii anibebee kebo ya klachi ya Transalp, nalipia nauli yake kwenye basi.